Kumponya Ili Arudi

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hospitali za farasi za jeshi la Uingereza nchini Ufaransa zilipokea farasi 725,216. Kati yao 529,064 walipona wakarudishwa kazini. Tarakimu hizi hutajwa kwa fahari, na kwa upande wa tiba ni za fahari kweli. Lakini mimi hukwama kwenye neno hilo la mwisho. Kazini ni wapi? Ni kwenye njia ya kuelekea Ypres usiku, tope likifika tumboni, mzinga nyuma yako na makombora mbele yako. Aliyepona alirudishwa kulekule alikoumizwa, na aliyemponya ndiye aliyemvisha hatamu akamkabidhi.

Swali langu linamhusu huyo aliyemponya. Simaanishi daktari mwenye cheo, namaanisha mtu wa chini kabisa: askari wa kawaida wa Army Veterinary Corps, kikosi cha tiba ya wanyama, ambaye kabla ya 1914 alikuwa mlimaji wa plau Suffolk, mwendesha gari la farasi Yorkshire, mhunzi wa kijijini, au saisi kwenye zizi la tajiri fulani. Vita vilipoanza kikosi hicho kilikuwa na askari wasiofika elfu moja, ukiwaacha maofisa. Kabla vita havijaisha walikuwa zaidi ya elfu ishirini. Ukimponya kiumbe ukijua kwamba unamponya ili arudi kwenye kile kinachomuua, umemtendea wema au umemsaliti?

Kiswahili kina methali inayoonekana kulimaliza jambo hili kwa maneno manne: punda afe, mzigo ufike. Tunaitumia kujipa moyo, tukiwa tumechoka au tukiwa na mtihani kesho. Ndani ya methali hiyo hakuna anayemfikiria punda, na wala hakuna anayemfikiria yule aliyeshika kamba ya punda.

Watu hawa hawakujifunzia farasi jeshini, kwa hiyo ni haki kuanzia kijijini kwao. George Ewart Evans, mwandishi mzaliwa wa Wales aliyehamia Blaxhall, kijiji cha Suffolk, alikaa na wazee wa huko akaandika waliyomsimulia. Kitabu chake The Horse in the Furrow kilitoka 1960, wakati trekta lilikuwa limeshamfukuza farasi shambani. Wazee hao walisimulia jinsi mtunza farasi alivyoamka alfajiri gizani kwenda kuwalisha farasi kabla yeye mwenyewe hajatia kitu mdomoni, kwa sababu farasi asiyepata muda wa kula na kusaga chakula chake hawezi kuvuta plau siku nzima. Zizi lilikuwa na daraja zake: farasi wa mtunzaji mkuu ndio waliotoka kwanza, na ole wake kijana aliyemtangulia. Kulikuwa na dawa za siri, mafuta na majani ya kumvuta farasi au kumgandisha palepale asisogee hata kwa mjeledi. Wengine walisema nguvu hizo hupatikana kwa mfupa wa chura: mifupa hutupwa mtoni usiku wa manane, na unaookotwa ni ule unaokwenda kinyume cha mkondo. Anayetoka Pemba au Sumbawanga hahitaji kuelezwa zaidi. Evans mwenyewe aliona kwamba siri kubwa ilikuwa pua. Farasi ananusa kuliko tunavyodhani, na mtu anayejua harufu ipi inamchukiza na ipi inamvutia anaweza kuonekana mchawi.

Na waliiba. Hili linanivutia kuliko mfupa wa chura. Bwana shamba alipima chakula cha farasi kwa ubahili, na mtunza farasi, ambaye nyumbani kwake watoto hawakushiba, alichukua chakula cha ziada kwenye ghala la bwana akampa farasi wa bwana huyohuyo. Alitaka manyoya yang'ae. Alitaka jozi yake ipite barabarani watu wageuze shingo. Ukipenda, uite ubatili. Mimi naona hapo kitu kikubwa zaidi: utunzaji ulio tayari kuvunja amri kwa ajili ya anayetunzwa.

Sisemi kijiji kilikuwa pepo. Farasi aliyezeeka aliuzwa kwa mchinja farasi, na kijana wa zizini alipigwa na kulipwa kiduchu. Ninachosema ni kwamba utunzaji wao ulikuwa na ugomvi ndani yake. Mtunza farasi mzoefu aliweza kumwambia bwana shamba: huyu leo hatoki, bega limechubuka. Angeweza kutukanwa, hata kufukuzwa. Lakini neno lake lilikuwa na uzito, kwa sababu alijua, na bwana alijua kwamba anajua.

Agosti 1914, mavuno yakiwa bado mashambani, jeshi lilikuja kuchukua farasi. Lilikuwa nao kama 25,000. Ndani ya wiki chache liliongeza zaidi ya laki moja: farasi wa plau, wa magari ya makaa ya mawe, wa mabasi ya mjini, wa kuwindia mbweha. Mwanzoni wanaume wengi waliona farasi wakiondoka. Baadaye wakawafuata wao wenyewe.

Kikosi cha tiba kilichowapokea kilizaliwa kutokana na aibu. Katika vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, Waingereza walipoteza farasi zaidi ya 300,000, wengi wao kwa njaa, maradhi na uzembe kuliko kwa risasi. Mwaka 1903 wakaunda kikosi cha askari wa kutunza wanyama wagonjwa, na somo likaeleweka. Ila lilieleweka kwa namna yake. Farasi wengi walinunuliwa Marekani na Kanada na kuvushwa Atlantiki kwa meli ambazo nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha. Kila farasi aliyepona Rouen au Abbeville alikuwa nafasi moja iliyookolewa melini. Huruma ilikuwa na hesabu yake, na hesabu ilitoka sawasawa.

Je, farasi anajali kama bandeji imefungwa kwa upendo au kwa hesabu? Sidhani. Anayejali ni mfungaji.

Kazi yenyewe haikuwa na ushujaa wa kusimulia. Kila divisheni ilikuwa na kituo kidogo cha kuhamahama kilichokusanya wagonjwa na majeruhi, kikawapeleka kwa miguu hadi kwenye reli, na reli ikawapeleka kwenye hospitali za nyuma, ambazo moja iliweza kulaza wanyama 2,000 kwa wakati mmoja. Wengi walioletwa hawakuwa na tundu la risasi. Walikuwa wamechoka, wamekonda, wamechubuka, wana kifua, wana upele ulioenea mwili mzima, kwato zimeoza kwa kusimama kwenye maji. Walioshwa, walitumbukizwa kwenye birika la dawa, walilishwa kidogo kidogo ili tumbo lisiwaue. Samadi ilizolewa tangu asubuhi hadi jioni. Wapiganaji wa mitaro waliwaona watu hawa kuwa wamepata kazi salama, na ni kweli walikuwa salama kuliko wao.

Kuna mchoro maarufu wa Fortunino Matania wa mwaka 1916, Goodbye, Old Man, uliotumiwa na shirika la Blue Cross kuchangisha fedha za kuwatibu farasi wa vita. Askari amepiga magoti njiani, amekumbatia kichwa cha farasi anayekufa, na wenzake wanamwita aondoke. Unaliza, na uliliza wengi wakatoa pesa. Mimi nauona kuwa mchoro unaomstarehesha mtazamaji. Kifo kinaondoa swali. Ukitaka kuona swali lenyewe, mchore farasi anayesimama tena. Miguu inatetemeka, halafu haitetemeki. Anakula hori lote. Anaanza kumjua mtunzaji wake kwa hatua zake, anageuza masikio kabla hajafika. Siku moja daktari anapita, anapapasa mguu, anaandika kwamba yu tayari, na mtu yule wa Suffolk anakwenda kumtoa.

Hapo ndipo palipo kiini. Farasi ni mnyama wa kukimbia. Mwili wake wote umeumbwa ili aondoke penye kelele na harufu ya damu. Kinachomfanya asogee kwenye mizinga ni kwamba amejifunza kumwamini binadamu kuliko anavyoamini woga wake. Imani hiyo haitokani na mjeledi. Inatokana na asubuhi nyingi za chakula kilichofika kwa wakati na mkono uliogusa jeraha bila kuumiza. Ndiyo kusema kadiri mtunzaji alivyokuwa mpole ndivyo alivyotengeneza chombo bora cha vita. Mtu katili angemrudisha farasi mbishi, na farasi mbishi labda angekataliwa. Upole ndio uliokuwa kamba.

Utasema hata askari mwenyewe alitibiwa ili arudi mtaroni. Kweli, na madaktari wa binadamu walikuwa na swali lao. Lakini askari, hata yule aliyelazimishwa, aliambiwa anapigania nini. Angeweza kuamini au kuona ni uongo, angeweza kulaani, angeweza kuandika barua. Farasi hakuwa na nchi. Farasi wa Wajerumani aliyetekwa aliingia kwenye mistari ya Waingereza akavuta mzinga wa Waingereza, bila kubadilisha upande wowote, kwa kuwa hakuwahi kuwa na upande.

Hoja ya kumtetea mtunzaji inajulikana, na ina nguvu: kama asingekuwa yeye, angekuwa mwingine mwenye mkono mgumu zaidi. Vita visingesimama kwa sababu mlimaji mmoja amekataa kuosha jeraha. Farasi angeteseka zaidi, basi. Hoja hii huwa inasemwa na kila mtu mwema aliyemo ndani ya mtambo mbaya, na naamini ni ya kweli. Tatizo ni kwamba ndiyo hasa hoja ambayo jeshi lilihitaji aiamini. Mtambo unaoendeshwa na watu katili peke yao huvunjika upesi. Unaodumu ni ule uliojaza watu wema mahali panapostahili, kila mmoja akipunguza maumivu ya hatua yake.

Lakini kumwita msaliti nako kunanishinda. Msaliti ni mwenye uwezo wa kutenda vingine. Angalia majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917, yaliyokuwa makali kupita kawaida. Upele ulikuwa umeenea, na dawa ya upele ilihitaji farasi anyolewe manyoya. Wakanyolewa. Wakati huohuo mgao wa shayiri ulikuwa umepunguzwa. Aprili, vita vya Arras vilipoanza kukiwa na theluji, farasi walikufa kwa wingi wa kutisha, wengi kwa baridi na uchovu tu. Mtu yeyote aliyekulia zizini anajua kwamba manyoya ya baridi ndiyo blanketi la farasi. Kijijini mtu huyo angegoma, au angetoa udhuru, au angeiba shayiri usiku. Jeshini alipewa mashine ya kunyolea akaambiwa anyoe. Ujuzi wake ulibaki mikononi mwake mzima mzima. Kilichoondolewa ni haki ya kusema hapana.

Na yeye mwenyewe alikuwa akikaguliwa. Vita viliporefuka, wanaume wenye afya ya daraja la juu walichambuliwa kutoka vikosi vya nyuma, kikiwemo hiki, wakapelekwa kwenye mitaro, na nafasi zao wakapewa wazee na wenye kasoro za mwili. Daktari alimpima kifua, akatazama meno, akaandika herufi. Mtu aliyekuwa akimtoa farasi zizini baada ya kuandikwa kuwa yu tayari, sasa aliandikwa yeye. Sijui kama alicheka.

Jeshi hilohilo lilipigana pia Afrika Mashariki, na madaktari wake wa wanyama walikuja nalo. Huku tiba ilishindwa kabisa. Mwaka 1916, wapanda farasi wa Jenerali van Deventer waliposhuka hadi Kondoa Irangi, farasi walikufa kwa mamia njiani, na baadaye mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Aseniki waliyopewa iliwaongezea muda wa kuvuta tu, haikuwaponya. Punda akafa kweli. Mzigo je? Mzigo ukawekwa kichwani mwa mtu.

Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokaribia au kupita milioni moja katika vita hivyo, na hesabu yao wenyewe inakiri vifo vya wapagazi kama 95,000. Wengi waliuawa na tumbo la kuhara, malaria na njaa. Watu waliozoea wali au ndizi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na hawakuwa na muda wala kuni za kuupika uive. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la kikosi chao, lililopita kwenye ndimi zetu hadi likawa jina la soko.

Kwa hiyo msomaji wa huku ana haki ya kuniuliza: unamlilia farasi? Wapi palikuwa na mchoro wa kuwachangia wapagazi? Swali ni zuri, na najibu kwamba upole wa mlimaji wa Suffolk haukumnyima mpagazi chochote. Huruma si gunia la unga kwamba ukimpimia mmoja mwingine anapungukiwa. Kilichomuua mpagazi ni ngazi iliyomweka mahali ambapo kifo chake hakikuonekana kuwa hasara, wakati kifo cha farasi, kwa sababu ya bei na meli, kilionekana. Na ndani ya ngazi hiyo nakutana tena na mtu yuleyule ninayemuuliza. Oscar Watkins, ofisa wa kikoloni aliyejua Kiswahili vizuri, ndiye aliyeongoza kikosi cha wapagazi kutoka Nairobi. Alipigania chakula, blanketi, na mishahara ya waliokufa iwafikie jamaa zao. Ofisi yake ndiyo hiyohiyo iliyowapokea watu waliokamatwa kwa nguvu vijijini mwaka 1917. Aliwatunza aliokuwa akiwapeleka. Mishahara mingi ya marehemu haikulipwa hata hivyo.

Sioni namna ya kumhukumu Watkins kwa mizani moja na askari wa zizini. Watkins alikuwa na kalamu, na wakubwa walioweza kusoma barua zake. Mwenye uwezo wa kusema hapana akasikika kidogo anadaiwa zaidi ya asiyeweza kusikika kabisa. Askari wa zizini anadaiwa kidogo sana, na bado si sifuri. Anadaiwa kujua alichokuwa akifanya. Wale wanaomkumbuka leo kwa wema wake tu wanamwondolea hata deni hilo, na kumwondolea mtu deni lake ni kumfanya mtoto.

Novemba 1918 mapigano yalisimama, na mwezi huohuo kikosi kikapewa jina la kifalme, Royal. Kisha ikaja hesabu ya mwisho. Farasi walipangwa kwa umri na afya. Kama 62,000 walirudishwa Uingereza. Waliobaki waliuzwa: wenye nguvu kwa wakulima wa Ufaransa na Ubelgiji, waliochoka kwa wachinjaji. Nani aliwapeleka mnadani? Mtu aliyejua yupi anang'ata na yupi anaogopa daraja. Methali yetu nyingine inasema shukrani ya punda ni mateke. Sijawahi kusikia iliyotungwa na punda.

Misri waliuzwa kama 22,000. Mwaka 1930 Mwingereza mmoja, Dorothy Brooke, mke wa ofisa wa jeshi, alifika Cairo akaanza kuwatafuta. Aliwakuta mitaani wakivuta magari, mifupa mitupu, baadhi vipofu, na alama ya jeshi bado imechomwa kwenye ngozi. Wenye farasi walikuwa maskini ambao hawakuwa na njia nyingine ya kula, na hakuwalaumu. Mwaka 1931 aliandika barua kwenye gazeti la Morning Post, na wasomaji wakatuma fedha. Kwa miaka mitatu alinunua farasi kama 5,000.

Hakununua ili awaponye. Wengi walikuwa wameshapita hapo. Alichonunua, mmoja mmoja, ni ile haki ambayo mtu wa Suffolk alinyang'anywa: haki ya kusema huyu leo hatoki. Waliingizwa kwenye banda lenye kivuli, wakapewa maji na chakula kingi, na nyasi kavu zikatandikwa chini. Baadhi yao walizisimamia muda mrefu bila kulala, kana kwamba wamesahau nyasi zile ni za nini. Wengi walikaa siku chache tu kabla ya kuuawa, na siku hizo hawakufungwa kwenye kitu chochote.